Ijumaa za Chiriku

Mwaliko ulikuja kwa jina la marehemu, na wa kwanza kuusoma alikuwa mama yake. Aliusoma akiwa amesimama, mkoba begani na viatu vya kazini bado miguuni, kwa sababu siku ya Ijumaa hakuwa na subira ya kuvua chochote kabla ya kufungua kompyuta ya mwanawe. Alikuja kusoma makala, akakuta barua. Waandaaji wa kongamano la watu wanaotumia na wanaotengeneza programu ya kublogu walikuwa wanamwomba Chiriku awape heshima ya kufika. Blogu yake inasomwa na wengi wao, walisema, na wangefurahi kumwona kwa macho.

Chiriku hakuwa tena mtu wa kuonekana kwa macho. Alikufa msimu wa mvua uliopita, moyo ukiwa umemchoka kabla yeye hajauchoka. Jina hilo la ndege alipewa na baba yake alipokuwa mtoto wa kuongea mpaka usingizini, likamganda, na alipofungua blogu akaiita Dirisha la Chiriku, kwani miaka ya mwisho dunia yake ilikuwa kitanda na dirisha. Kila Ijumaa alitoa makala moja: juu ya wingu lililosimama mahali pamoja asubuhi nzima, juu ya fundi wa paa la ng'ambo aliyekuwa akiimba huku misumari iko mdomoni. Alipoona safari imekaribia, alifanya jambo ambalo programu ile inaliruhusu. Aliandika makala nyingi kwa mkupuo, kila moja akaipangia Ijumaa yake, akaziacha zijitokeze zenyewe. Alizikwa Jumatano. Ijumaa akazungumza juu ya paka wa jirani.

Mama hakuwa mwehu. Alijua vizuri mwanawe yuko wapi. Ila mtu anaweza kulijua jambo wiki nzima, kisha akajipa siku moja ya kupumzika kulijua, na siku yake ilikuwa Ijumaa. Alikuwa dobi wa hoteli, mpiga pasi wa shuka. Alishinda ndani ya mvuke, shuka nyeupe zikimpita mikononi, na humo mvukeni alikuwa akijiuliza Chiriku atasema nini safari hii. Wenzake walizoea kumwona akitabasamu peke yake mbele ya pasi, wakamwachia.

Hapa sina budi kumsema baba, ingawa ni mtu mwema, na kumsema mtu mwema hakunipendezi. Baba alikuwa fundi wa friji. Mikono yake ilijua gesi na mota, na herufi za kompyuta ilizijua kwa kuzitafuta moja moja. Makala za Chiriku zilikuwa zimekwisha zamani. Ijumaa ya kwanza ambayo hakikutokea kitu, mke wake alikaa mbele ya kioo mpaka chai ikafanya utando, kisha akaenda kulala. Wakati huo mama alikuwa hali chakula cha maana. Mtoto alipokata roho yeye alikuwa kazini. Asubuhi alimwambia binti yake, nikitoka zamu nakuja, na kweli alikuja, akakuta majirani wamesimama mlangoni. Tangu siku hiyo kila tonge alilitazama kwanza, halafu akalirudisha sahanini.

Ijumaa iliyofuata makala ikatoka. Aliiandika baba, kwa vidole viwili, mchana, mkewe akiwa kazini.

"Mama akirudi huja na harufu ya shuka zilizotoka kupigwa pasi," iliandikwa. "Nikiisikia usingizini najua siku imekwisha salama. Msimlaumu mtu aliyekwenda kazini. Mimi nikilala sipendi kutazamwa."

Mama aliisoma, akarudia, akarudia tena. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akajipakulia, akala akiwa amesimama kando ya jiko. Baba alikuwa mlangoni anamtazama, na furaha aliyoiona siku ile ilimtia woga. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya kwake ilikuwa inaendelea tu, Ijumaa baada ya Ijumaa. Alikuwa akifunga karakana mapema, anaingia chumbani kwa binti yake, anakaa kwenye kiti kile kile, anatazama dirisha lile lile. Siku nyingine ilimjia kana kwamba Chiriku yuko kitandani nyuma yake, anasoma begani, anamcheka jinsi anavyotafuta herufi. Hakugeuka kutazama. Aliona akigeuka ataharibu.

Sasa mwaliko ulikuwa mezani, na mkewe alikuwa amekwisha amua.

"Tutakwenda," alisema. "Hao ndio walioitengeneza hiyo programu. Watatuambia zimebaki ngapi."

Baba aliuliza zimebaki ngapi nini, ingawa alikuwa ameelewa. Mkewe akamweleza taratibu. Kompyuta ilikuwa ya Chiriku, na mambo ya ndani ya blogu yeye alikuwa hathubutu kuyagusa, asije akabonyeza kitu akafuta vyote. Lakini wenye ujuzi wangeweza kufungua na kuhesabu. Baba akamwambia kwamba kuna vitu havihesabiwi. Akamtajia na nauli, na siku ya kazi itakayokatwa, na kwamba mahali pale ni pa wasomi. Alizungumza mno, na mtu asiyezoea kuzungumza akizungumza mno huonekana.

"Nataka nijipange," mkewe alisema. "Nikijua zimebaki chache, nitazisoma polepole. Sitaki ije Ijumaa nyingine kama ile."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba basi atapiga pasi shati lake mwenyewe. Mkewe alicheka, akamnyang'anya shati.

Kongamano lilikuwa katika jengo la chuo, lenye korido ndefu na madirisha marefu, na mwanga wa asubuhi ulikuwa umelala sakafuni vipande vipande, watu wakiukanyaga bila kujua. Wengi walikuwa vijana. Walikuwa na kompyuta zilizobandikwa picha ndogo ndogo kila mahali mpaka hujui rangi yake ni ipi, na walikumbatiana kwa furaha ya watu waliojuana miaka mingi bila kukutana. Wahudumu wa kujitolea walivaa fulana za njano. Mmoja wao, kijana wa mlangoni, alimtazama mama, akatazama mkoba wake na kitambaa cha kichwani, akamwambia kwa adabu kwamba watu wa chakula wanaingilia mlango wa nyuma.

Mama hakukasirika. Alitoa simu, akamwonyesha mwaliko. Kijana aliusoma, akaona jina, uso ukamgeuka.

"Chiriku?" akauliza. "Wewe ndiye Chiriku?"

"Ndiyo," mama akasema.

Hakuwa amekusudia kusema hivyo. Neno lilipita tu, na lilipokwisha kupita akaona ni tamu, akaliacha. Kijana akaomba radhi kwa maneno mengi, akamletea beji iliyochapwa kwa herufi kubwa, CHIRIKU, na chini yake, mwanablogu. Mama akaivaa shingoni. Baba aliiona imelala kifuani pa mke wake, akatazama pembeni. Yeye beji yake haikuwapo, ikabidi iandikwe kwa kalamu pale pale. Aliulizwa ni mtumiaji au mtengenezaji, akajibu anatengeneza friji. Kijana akafikiri kidogo, akaandika mtengenezaji.

Waliingia ukumbini wakakaa nyuma. Mzungumzaji alikuwa anaeleza habari za nakala za akiba, jinsi mtu anavyotakiwa kuhifadhi blogu yake mahali pengine kabla haijamtoweka. Aliwaomba waliokwisha kupoteza kila kitu wanyooshe mikono, na mikono ikanyooka ukumbi mzima, watu wakichekana. Mama naye akanyoosha. Alinyoosha kama wengine, mkono wake wa dobi uliokauka kwa sabuni ukiwa juu kati ya mikono ile laini, na alikuwa anatabasamu. Baba alitazama sakafu.

Wakati wa chai watu walisimama koridoni kwa vikundi, na kulikuwa na desturi moja pale ambayo mama aliipenda mara alipoelezwa. Watu wakisimama kuzungumza wasifunge duara. Waache mwanya wa mtu mmoja, ili anayepita peke yake aone kwamba ana mahali. Mama alipita, akauona mwanya, akaingia. Waliokuwapo walisoma beji yake, na mazungumzo yao yakakatika.

"Sisi tulidhani wewe ni msichana mdogo," mwanamke mmoja alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo," mama akajibu, na wote wakacheka, wakaona kweli ndiye, kwa maana Chiriku alikuwa mtu wa majibu.

Wakaanza kumwambia mambo yake. Kila mmoja alikuwa na kipande. Mmoja alikumbuka wingu, mwingine fundi mwenye misumari. Mwanamke yule alisema alikuwa na mimba yenye shida, amelazwa kwa muda mrefu, akaomba kitanda chake kisogezwe dirishani kwa sababu ya Chiriku. Mama alipokea yote, akaitikia, akashukuru. Alikuwa kama mtu anayeoga maji ya uvuguvugu. Yule mtoto wa kitandani, ambaye watu wa mtaani walimwita masikini wa Mungu, kumbe alikuwa anatembea nyumba za watu namna hii, na nyumbani hakuna aliyejua. Kwa muda ule mfupi alisahau kabisa kwamba hakuwa yeye.

Kisha mzee mmoja mwenye ndevu, aliyeandika programu tangu hao wengine hawajazaliwa, akasema kwamba yeye aliyoipenda kuliko zote ni ile ya shuka. Alimsomea mkewe.

"Tangu ile unaandika vingine," aliendelea. "Zile za mwanzo unatazama nje. Hizi za sasa umegeuka, unatazama ndani ya nyumba."

"Labda alikuwa anajua anakaribia kuondoka," mama akasema.

"Nani?"

"Chiriku."

Mzee akakunja uso kwa kutoelewa, na watu wakatazamana. Baba hakuwapo kusikia. Alikuwa amekwisha ponyoka, kikombe cha chai mkononi, anakwenda kutafuta meza ya msaada.

Meza ilikuwa mwisho wa korido, chini ya dirisha. Hapo mtu yeyote mwenye shida na blogu yake alikaa na mhudumu wakaitatua pamoja, bure. Aliyekuwapo ni msichana wa fulana ya njano, miwani imemteleza puani. Alimwamkia baba shikamoo, akamvutia kiti. Baba hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, haraka haraka, kwa sauti ya chini, binti, makala, Ijumaa, mke wake anakuja sasa hivi kuuliza. Kisha akaomba alichokuja kuomba. Amwambie kwamba zimebaki nyingi. Au amwambie kwamba hesabu hiyo haionekani.

Msichana alivua miwani, akaifuta kwa fulana.

"Baba," alisema, "hapa mezani tuna sharti moja. Mimi sishiki kompyuta ya mtu. Mwenye blogu ndiye anayebonyeza, mimi namwonyesha tu pa kubonyeza. Kwa hiyo hata nikitaka kukudanganyia, ataona kwa macho yake."

"Basi mwambie mashine imeharibika."

"Sisemi uongo, baba. Naweza kunyamaza. Lakini nikinyamaza itabidi wewe useme."

Baba aliweka kikombe mezani. Alitaka kumwambia kwamba kama angekuwa anaweza kusema asingekuwa amesimama pale. Alipogeuka, mke wake alikuwa anakuja, amekumbatia kompyuta ya Chiriku kifuani, beji ikiyumba juu yake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kusifiwa mtoto. Alikuwa hajamwona akiwa mzuri namna ile tangu mvua zile.

Mama alikaa, akafungua kompyuta, akauliza alilokuja kuuliza. Msichana alimtazama baba mara moja, kisha akaanza kumwelekeza. Abonyeze hapa. Sasa hapa palipoandikwa makala. Kidole cha mama kilisogea kwa hofu, kama kinavyojaribu pasi kuona imepata moto.

"Hapo juu utaona zimegawanywa," msichana alisema. "Zilizochapishwa ziko hapo. Kama kuna zilizopangiwa tarehe, zingeonekana kando yake."

Mama aliinama karibu na kioo. "Sioni zilizopangiwa tarehe."

Msichana akanyamaza, kama alivyosema atanyamaza. Nyuma yao watu walipita, mtu akaita mwenzake, vijiko vikagonga vikombe.

"Ya Ijumaa iliyopita ilitoka wapi?" mama akauliza.

"Ni mimi," baba akasema.

Mama hakugeuka.

"Za Chiriku ziliisha, Mama Chiriku. Nilikuona ile Ijumaa ulivyokaa. Hizi nyingine nimeandika mimi."

"Kuanzia ipi?"

Kila swali alikuwa amelitarajia isipokuwa hilo, na ndilo lilikuwa swali lenyewe. Akatamani asijibu. Akajibu.

"Kuanzia ya shuka."

Mama alivua beji. Aliivua polepole kupitia kichwani, akaiweka mezani kando ya kompyuta, akainuka, akaondoka. Msichana alimwambia baba amfuate, yeye atalinda kiti.

Alimkuta kwenye ngazi za nyuma, huko huko kwenye mlango wa watu wa chakula. Masufuria matupu yalikuwa yamepangwa ukutani. Amekaa kwenye ngazi ya chini, mikono magotini. Baba akasimama mbele yake, hajui akae au asikae.

"Uliniona nikila," mama alisema. "Ukajua ninakula nini, ukanitazama."

Baba alipangusa viganja kwenye suruali.

"Nilikwenda kaburini kumshukuru. Unanisikia? Nilipiga magoti nikamwambia asante mwanangu, umenitua mzigo. Na kumbe mzigo uko pale pale, umefunikwa tu."

"Nilitaka ule."

"Ningekula maneno yako kama ungeniambia ni yako. Umenilisha ya mtu asiyeweza kukataa." Alifuta uso kwa kiganja. Hakuwa amelia bado, uso ulikuwa umelowa jasho tu. Kisha akasema jambo ambalo walikuwa wamelizunguka tangu mvua zile kama watu wanavyozunguka shimo lililo katikati ya uwanja. "Wewe ulikuwapo alipokata roho. Hujawahi kuniambia alisema nini."

"Hukuuliza."

"Nauliza."

Baba akakaa. Alikaa ngazi moja naye, mabega yakigusana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, akatazama masufuria.

"Aliuliza saa," alisema. "Nikamwambia. Akasema, basi mama hajafika bado. Akageukia dirishani. Mimi nikadhani amelala."

Mama alilia. Alilia kwa sauti, bila kujiziba, na mpishi mmoja aliyetokea mlangoni na beseni aliwaona, akarudi ndani akafunga mlango taratibu. Baba alimwacha alie. Alikuwa ameyalinda maneno yale kwa muda mrefu akiamini yatamuua mkewe, na sasa alipoyasikia hewani aliona ni maneno machache tu ya mtoto anayemngoja mama yake.

"Aliniulizia," mama alisema alipoweza.

"Alikuulizia."

"Hayo ndiyo yake. Chiriku mzima, maneno yote yale ya duniani, na ya mwisho yananihusu mimi." Alipumua. "Yanauma. Lakini ni yake. Kwa nini uliyaficha?"

Angeweza kusema ni huruma, na nusu ingekuwa kweli. Lakini alikuwa amechoka na nusu.

"Nilikuwa na hasira na wewe," alisema. "Kwamba ulikwenda. Nilijua usingejua, nilijua hatuna uwezo wa wewe kukosa zamu, na hasira haikujali. Ningekwambia siku zile, ningekwambia ili uumie. Ulipokuwa huli nilikuwa nakutazama, na kuna siku moyo wangu ulisema, mwache. Ndipo ikaja Ijumaa ile tupu. Nikataka kukusamehe kwa mdomo wangu, mdomo ukakataa. Nikaazima wa kwake."

Jua lilikuwa limefika kwenye masufuria, na mwanga wake ulicheza ukutani juu ya vichwa vyao, ukitetemeka kidogo. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya watu wengi wakipiga makofi kwa ajili ya kitu ambacho wao wawili hawakukijua.

"Nilijua," mama alisema mwishowe. "Si ya makala. Ya hasira. Ulikuwa ukinipa chai bila kunitazama. Nikadhani umenichoka."

"Sijakuchoka."

"Inuka," mama akasema. "Tumewaachia watu kiti."

Msichana alikuwa bado yuko pale, na foleni ilikuwa imejipanga, lakini alikuwa amewaambia wenye haraka waende kunywa chai. Alimuuliza mama, kwa upole, kama angependa makala zile ziondolewe. Ni rahisi, na zikiondolewa leo hakuna atakayejua.

Mama akatikisa kichwa. Kuna watu wamezisoma, alisema, kuna mzee amemsomea mke wake. Kisha akauliza kama jina la aliyeandika linaweza kubadilishwa. Msichana akasema linaweza. Kwanza afunguliwe baba sehemu yake kama mwandishi, kisha kila makala ipewe mwenyewe.

"Tumwandike nani?" msichana akauliza.

Baba alisema aandikwe fundi friji. Mama akasema hapana, hilo ni la karakana. Akaandika mwenyewe, akitafuta herufi: Baba Chiriku.

Wakaanza na ya karibuni, wakarudi nyuma. Msichana alionyesha, mama akabonyeza, na kila alipobonyeza jina la binti lilitoka na la baba likaingia. Baba alisimama nyuma ya kiti, anaona Chiriku anavyopungua. Ilikuwa kama kumwona akiondoka kwa mara ya pili, ila safari hii polepole, kwa zamu, na mama yake akiwapo. Walipofika kwenye ile iliyokuwa kweli ya mwisho ya Chiriku, iliyozungumza juu ya geti la jirani linalolia kila likifunguliwa, mama aliifungua, na chini kabisa akaongeza mstari mmoja wa kuwaambia wasomaji: hapa ndipo mwanangu alipoishia. Hakuna aliyemsaidia maneno.

Ilibaki moja. Ile ya shuka alikuwa ameiruka. Sasa akairudia, akaifungua, akaisoma upya kwa sauti ndogo, na sasa aliisoma kwa kusikiliza ni nani anayesema. Alipofika kwenye msimlaumu mtu aliyekwenda kazini, akasimama.

"Hii ni kweli?" akauliza, bila kugeuka.

"Nilipoanza kuiandika haikuwa kweli," baba akasema. "Nilipomaliza ilikuwa kweli."

"Basi niambie. Usiniandikie."

Watu wa foleni walikuwa wamerudi, vikombe mikononi, wamesimama karibu kuliko adabu. Msichana aligeuzia macho yake dirishani. Baba alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, kama anavyoshika friji kabla ya kuinyanyua, na mdomo wake ukataka kukataa tena.

"Sikulaumu, mke wangu," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na mazungumzo ya karibu yakakatika. Mama aliweka kidole mahali alipoonyeshwa, hakukiinua kwa kitambo, anatazama jina jipya chini ya maneno ya zamani.

"Nimesikia," akasema, na akabonyeza.